Namba Tisa ya Timu

Jumamosi ya soko, Kashikishi, mwezi wa sita mwaka 1997. Salaula, ndiyo nguo zilizokwisha kuvaliwa zinazotoka Ulaya na Amerika, zilikuwa zimemwagwa juu ya maturubai, watu wameinama wakizichambua. Germaine alikuwa ameshuka asubuhi ile kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na bikwembe vyake, ndiyo vitenge, vya kuuza. Mwenyewe alijifunga kikwembe cha kijani, kitambaa kichwani kimefungwa kwa maringo, shingo inang'aa mafuta. Aliokota jaketi ya bluu, akatia mukono mufukoni kabla ya kuuliza bei, maana hakuwa mutu wa kudanganywa. Ikatoka karti: picha ya muzungu mwembamba, na kofia, anataka kutupa mupira.

"Polepole, mama," mwenye salaula akasema. "Usiikunje."

"Jaketi ama karatasi?"

"Karatasi. Jaketi chukua bure, uniachie hiyo."

Germaine akamwangalia vizuri. Kijana murefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola. "Weye uko mugonjwa?" akamuuliza. Jairos Kafula akacheka, naye akacheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Mimi sina la kuongeza.

Kila Jumamosi Germaine akavuka ziwa. Jairos akamwonyesha daftari lake. Karti zilikuwa za besiboli, muchezo wa Wamarekani wa kupiga mupira kwa rungu, ambao yeye hakuwahi kuuona hata siku moja. Zilikuja ndani ya mifuko ya salaula, na mwalimu mumoja muzungu, alipomaliza mukataba wake Nchelenge, alimwachia orodha ya karti zote.

"Ona," Jairos akamweleza. "Hii ni ya mkusanyiko wa kawaida, nyuma imeandikwa 198. Na hii ni ya mkusanyiko wa timu, nyuma ni nne, na hapa pembeni kuna rangi ya dhahabu."

"Mutu ni mumoja?"

"Mumoja."

"Picha ni moja?"

"Moja."

"Na weye unaziita bitu bibili. Sheri wangu, kichwa yako inakutesa bure."

Timu moja, ile yenye ndege mwekundu kwenye kofia, Jairos alikuwa na karti zake kumi na tatu kati ya kumi na nne. Ilibaki namba tisa tu, muzungu mwenye ndevu nyingi. Germaine alipomuuliza ataenda lini Kilwa kuwaona wakubwa wake, alijibu akitabasamu, "Nikipata tisa, naleta nsalamu." Nsalamu ndiyo sahani mbili zilizofunikana, na pesa kidogo ndani, ambazo Wabemba wanapeleka kufungua posa. Germaine alilichukua neno lile kama lilivyo. Mujomba wake Roger alikuwa anataka kuhamisha nyumba nzima kwenda Lubumbashi, uvuvi ukifungwa mwezi wa kumi na mbili. Germaine mwenyewe alitaka kubaki, na alitaka kubaki na mutu huyu.

Basi akatafuta. Aliuliza Kilwa, akauliza mpaka Kasenga, na huko akazikuta ndevu zile kwa fundi redio mumoja aliyebandika karti ukutani. Fundi hakutaka kuitoa. Germaine akamwachia kikwembe chake cha kijani, kizima.

Jumapili watu wakitoka kanisani akamkuta Jairos mbele ya nyumba yake. Alivaa gauni jeupe, na viatu vya kisigino vilivyojaa muchanga wa bandari.

"Fumba macho, mupenzi."

Jairos akafumba. Alipofungua, akaigeuza karti.

"Awe, hapana. Siyo yenyewe."

"Ni yeye. Ndevu ni zile zile."

"Nyuma ni 214. Hii ni ya kawaida. Ya timu ni tisa."

Na mujinga yule akachukua kalamu, akaandika 214 kwenye daftari, Germaine amesimama palepale. Hakusema asante. Hakuuliza ameitoa wapi. Mpaka leo nikikumbuka ninakasirika.

"Jairos, kesho nikileta tisa, utaiona na kosa gani?"

"Mimi nasema ukweli tu, Germaine."

"Na miye nimeusikia."

Akavua viatu, akavibeba mukononi, akarudi kwenye mtumbwi.

Kilwa hakukuwa na simu. Kulikuwa na fonie, redio ya wafanyabiashara, ambayo ukimaliza neno lako unasema "avu" ili mwenzako ajibu, na ukitaka kusema unasema mbele ya kila mutu aliyekaa kwenye benchi akingoja zamu yake. Jairos alikwenda kwenye fonie ya Kashikishi mara tatu, na kila mara alikuwa ametayarisha neno moja: nisamehe.

"Germaine, habari? Avu."

"Iko muzuri. Avu."

"Na samaki, huko bei gani? Avu."

Redio ikapiga muluzi. "Jairos, uko na neno lingine? Avu."

Watu wanane kwenye benchi walikuwa wanamsikiliza. Akaona haya. "Hapana. Avu."

"Bon. Termine," Germaine akasema, akakata.

Haya ilimponza mwanaume yule. Lakini polepole alikubali jambo ambalo hakutaka kulijua: alimpenda Germaine, aliogopa kuoa, na namba tisa ilikuwa mahali pake pa kujificha. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja alikwenda kwa baba yake mudogo, Mpundu, wakafunga sahani mbili katika kitambaa, wakavuka.

Walikuta lori limesimama mbele ya nyumba, injini inanguruma, magodoro yamekwisha kupandishwa. Germaine alikuwa anafunga kamba.

"Nimekuja kuomba musamaha," Jairos akasema, na safari hii hakujali nani anasikia. "Nilikukosea sana. Nimeleta nsalamu."

Germaine hakuigusa. "Nilikusamehe zamani, Jairos. Kila siku nilikuwa naangalia ziwa. Lakini juma lililopita wakubwa wangu walipokea posa ya mutu mwingine. Guylain, wa Lubumbashi. Na miye nilikubali."

"Unamupenda?"

"Alikuja." Akakaza kamba iliyokuwa imekwisha kukazwa. "Weye, ulipata ile tisa?"

"Hapana."

"Na umekuja."

"Nimekuja."

"Kumbe iliwezekana," Germaine akasema. Hapo ndipo alipolia, mbele ya mujomba wake na wapakiaji wote, mpaka dereva akazima injini kumngojea.