Komeo la Hangari ya Chumvi

JUMATANO, SAA KUMI ALASIRI

Godefroid aliweka saa ya mezani juu ya mkeka. Kando yake akapanga vijiti sita vya baruti.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mshonaji, karibu na gare, stesheni ya treni ya Kindu. Walikuwa watatu. Godefroid alikuwa amechoma baruti miaka tisa kwenye migodi ya bati kule Kalima, na vidole viwili alivisahau huko. Nestor alikuwa dereva wa kamio, lori la mizigo. Wa tatu, Onema, alikuwa mlinzi mkuu wa kampuni yenyewe watakayoiibia. Usishangae. Mwizi wa nje hapati kitu bila mtu wa ndani.

Mwezi ule maduka mawili yalikuwa yamelipuliwa mjini. Karatasi zilikutwa mlangoni: anayewafanyia wazungu kazi atakufa nao. Watu wakasema ni siasa. Siasa gani? Ilikuwa kazi ya Godefroid. Alitaka woga, na woga ukamletea alichotaka. Bwana Édouard, mkubwa wa kampuni, alimwagiza Onema awafundishe wafanyakazi kujikinga. Kengele ikilia, wote waingie hangari ya chumvi, ghala lenye kuta nene, wajifungie kwa komeo, wasimfungulie mtu mpaka kengele ilie mara ya pili.

"Hata miye Onema nikigonga, musifungule," aliwaambia kila Jumatatu. "Pengine nimeshikiwa kisu."

Komeo alilichonga yeye mwenyewe, ubao wa mti mgumu wa kuinuliwa na watu wawili. Alilionea fahari.

"Saa ine kamili unapiga kengele," Godefroid alisema. "Bote banaingia hangari. Tunakata munyororo ya ofisi, tunabeba sanduku la dhahabu, tunashika njia ya Kibombo."

"Na baruti?" Onema aliuliza.

"Ya kelele tu. Iko mu pipa, kule mutoni. Saa ine na nusu inalia, askari banakimbilia maji. Siye tuko mbali."

"Bibi yangu Clémentine atakuwa mule hangari."

"Njo pahali pazuri kwake. Kuta nene."

Nestor alikuwa anakwaruza matope kwenye kiatu chake. Hakuinua kichwa.

ALHAMISI, SAA MOJA ASUBUHI

Godefroid alifika kwenye lango na gunia la chumvi. Limesahaulika kwenye behewa, alisema, liingizwe na mengine. Mgongo unamuuma. Onema akalibeba mwenyewe mpaka kona ya hangari. Lilikuwa zito kidogo kuliko mengine, lakini nani anayepima gunia asubuhi?

SAA MBILI

Clémentine, mke wa Onema, alishona magunia pale kampuni. Mwanamke mbishi. Mazoezi ya kengele aliyaita mchezo wa kuku, na mara mbili alibaki na sindano yake wenzake wakikimbia.

"Leo ikilia, ingia," Onema alimwambia. "Niapie."

"Leo kuna nini?"

"Niapie tu, mama."

Akamtazama sana. Akaapa. Onema akapumua. Kwa mwezi mzima hakulala vizuri kwa ajili ya jambo hilo moja: dhahabu ipatikane, ila Clémentine asiguswe, kisha wahamie kijiji cha Tunda, walime mpunga wao, wasahau Kindu.

SAA NNE KAMILI

Alipiga kengele. Watu thelathini na wanne wakaingia hangari, Bwana Édouard akiwa wa mwisho, kofia mkononi. Clémentine alipita bila kugeuka. Komeo likaanguka mahali pake, kishindo kizuri. Onema akaukata ulimi wa kengele, kama walivyopanga, ili mtu asiite askari mapema. Akautupa ndani ya kamio.

SAA NNE NA DAKIKA KUMI NA NNE

Mnyororo ulikatika, sanduku likapakiwa. Hakuna aliyewaona. Kazi safi mpaka inatisha.

SAA NNE NA DAKIKA KUMI NA SABA

Kamio ikapita kando ya mto. Pipa lilikuwa pale pale. Wanawake wawili walikuwa wamelipindua, wanafua nguo juu yake.

"Pipa iko tupu," Onema alisema.

Godefroid akamwashiria Nestor aongeze mwendo.

"Saa iko wapi?"

"Iko pahali yake."

"Godefroid. Saa iko wapi?"

"Mule mu chumvi," Nestor alijibu, macho barabarani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Godefroid akashusha pumzi. "Askari watachimbua maiti mpaka jioni. Nani atatufuata? Na hatabaki mutu wa kusema Onema alipiga kengele."

Gunia. Yeye mwenyewe, mgongoni kwake. Onema akafungua mlango na kuruka. Kamio haikupunguza mwendo.

SAA NNE NA DAKIKA ISHIRINI NA SITA

Alifika akivuja damu magotini. Akaupiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Mufungule! Mutoke bote!"

Ndani ikaja sauti ya Donatien, karani: "Ni Onema. Wamemushika. Tulieni, kama alivyotufundisha."

Walitulia, watu watiifu. Alikuwa amewafundisha vizuri.

Akakimbilia kengele. Akaipiga kwa jiwe. Ikatoa mlio wa sufuria, mlio ambao hakuna aliyeujua. Akarudi mlangoni, akaweka mdomo kwenye ufa.

"Clémentine."

"Niko," alijibu, karibu sana. "Ngojea kengele. Weye mwenyewe ulisema."

"Hakuna kengele. Nimeikata miye. Baruti iko mu gunia la kona, njo miye nililibeba. Miye ni mwizi, Clémentine. Nisamehe kesho. Leo fungula."

Onema alisikia pumzi ya mkewe, basi. Alijua amempoteza, hata akitoka mzima.

"Donatien," Clémentine alisema taratibu. "Shika upande ule."

Wakaanza kuinua. Watu wakawasukuma kutoka nyuma, wote pamoja, mlango ukabanwa, ubao ukakwama kwenye chuma cha kuushikia. Ndani watu walikuwa wanalia. Onema alivuta kutoka nje mpaka kucha zikang'oka. Upande mmoja wa komeo ulitoka. Upande wa pili ulikuwa bado unakwaruza, saa ilipofika nne na nusu.