Kabureta Mfukoni

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi pikipiki. Mdogo wake alikufa kwa kuteleza kwenye mvua, akiendesha pikipiki yao kuukuu ya Kijapani, ambayo vijana wa mtaa mzima waliutambua mlio wake. Baada ya mazishi, fundi akaing'oa kabureta, akawa anatembea nayo mfukoni, ili pikipiki isiwake tena.

Jioni moja ya kiangazi aliingia stoo, ilimowekwa pikipiki ile, kutafuta spana. Gizani akasikia kiki ikipigwa. Injini ikakohoa, ikashika. Akapapasa mfukoni, kabureta imo. Akapapasa ekzosi, ikamuunguza kiganja.

Huko nje, mama yao alikuwa ameshakimbilia geti kama zamani.

"Jamani, mwanangu! Ingia ndani basi, umelowa chapachapa."