Aliyeita Kabla ya Saa Tisa

Kilichomshtua Mbinya kwanza ni harufu ya maziwa yaliyoungua, kwa sababu ofisi ile ya ushauri nasaha, ghorofani juu ya duka la dawa mtaani Tena, Nairobi, haikuwa na jiko.

"Keti vizuri, dadangu. Kiti hakiumi," alisema Kyule, karani wa mapokezi. "Madam Wacuka atakuita saa tisa. Mimi nashuka kutoa fotokopi za fomu."

Ilikuwa saa tisa kasorobo. Mbinya aliitazama saa mara mbili. Tangu dada yake Mwelu azikwe, miezi minane sasa, kuna kitu kilikuwa kikimwita nyumbani kwake Kayole, mchana mweupe, kwa sauti ya Mwelu. Mama yake alimpa sharti moja: asiitike, wala mtu mwingine asimwitikie. Siku kitakapojibiwa, kitamchukua. Hakuwahi kuitika. Lakini alikuwa amechoka, na rafiki yake Shiro alishikilia kwamba hayo ni majonzi tu, aende akaongee na mtaalamu. Kwa hiyo jana, maziwa ya chai yakiwa jikoni, alisoma kwa sauti makala iliyoorodhesha mambo ya kipindi cha kwanza cha ushauri, ili asije akashtukizwa na lolote.

"Mbinya," sauti ya mwanamke iliita kutoka chumba cha ushauri.

Kwa mazoea, hakuitika. Alisimama tu, akaingia.

Mwanamke alikuwa amelielekezea dirisha mgongo, uso wake umo kivulini. "Kwanza tutajuana," alisema. "Pili, utakayosema humu hayatoki humu. Lakini nimekuita, hukuitika. Kwa nini?"

Makala ilisema mshauri angeuliza maswali. Mbinya alimweleza yote: sauti, mama, sharti.

"Na mtu mwingine akikuitikia?"

"Ni kama nimeitika mwenyewe."

"Vizuri," mwanamke alisema. "Tatu, hutalazimishwa kusema usilotaka." Akanyamaza, akapuliza mara mbili kama anayepoza kitu, kisha akaendelea na la nne, na hapo Mbinya akaanza kurudi nyuma, kwa maana jana, baada ya kusoma la tatu, yeye mwenyewe alikuwa amenyamaza hivyo hivyo, akapuliza povu mara mbili maziwa yalipofurika na kuungua, na jikoni hakukuwa na mtu mwingine wa kumsikia.

Alitoka kinyumenyume. Kyule alikuwa akipanda ngazi na karatasi zake, nyuma yake mwanamke mfupi mwenye miwani.

"Pole, Mbinya. Mimi ni Wacuka," alisema akihema. "Kyule, kwa nini hukumfungulia akae ndani?"

"Funguo si unazo wewe, Madam?"

Mbinya aligeuka. Mlango aliotoka sasa hivi ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Kyule alipita akaenda mezani kwake, akawapa mgongo, akaanza kubana fomu kwa stepla. Mbinya alimshika Wacuka mkono, akamvuta vidato viwili chini, akamnong'oneza kila kitu.

Wacuka alimtazama kwa uso wa mtu anayetafuta neno la upole. "Wakati mwingine majonzi huwa na sauti," alianza. "Tutafungua mlango pamoja, na utaona—"

"Mbinya," sauti iliita kutoka nyuma ya kufuli. Safari hii ilikuwa sauti ya Wacuka, ikihema kama yeye alipopanda ngazi.

Wacuka alimziba Mbinya mdomo kwa kiganja, akauma wake mwenyewe. Walisimama hivyo, harufu ya maziwa ikishuka ngazi taratibu.

"Mbinya yupo?" sauti iliuliza.

Stepla ilinyamaza.

"Yupo, Madam," Kyule alijibu, bila kuinua kichwa. "Anakuja."