Mshambuliaji wa Miaka Sabini na Sita

Agnela hakuwa na simu. Hakuwa na laini iliyosajiliwa kwa jina lake, wala kitambulisho cha taifa cha kusajilia hiyo laini. Hakuwa na kaka wala dada wa kucheza naye nyumbani kwao Kijenge, Arusha mjini, ambako mama yake alishinda kwenye cherehani tangu asubuhi. Zaidi ya yote, hakuwa na umri. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na duka alilolitamani lilitaka mteja awe ametimiza kumi na minane.

Lakini alikuwa na babu.

Babu yake, Mzee Kaanaeli, aliishi Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, katikati ya migomba na kahawa. Alikuwa mzee wa kanisa. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, na tangu hapo hakuna karatasi yenye maandishi iliyopita mikononi mwake bila kusomwa hadi mwisho. Mtoto wake mmoja alikuwa amemnunulia simu ya kisasa, na Romanus, fundi simu wa pale senta, akamwekea kila kilichohitajika. Mzee aliitumia kupiga na kupokea tu. Mengine alimwachia Agnela kila alipopanda kijijini wakati wa likizo.

Duka lenyewe liliitwa Kichuguu. Halikuwa na mlango wala rafu. Lilikuwa mtandaoni, likiuza michezo ya simu, na mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa mpira. Unaunda timu yako, unasajili wachezaji, kisha unapambana na timu za watu wa Moshi, Mwanza, hata Mbeya. Mwaka uliotangulia, Agnela alijiandikisha kwa simu ya Babu. Palipoulizwa jina, akaandika Kaanaeli. Palipoulizwa mwaka wa kuzaliwa, akaandika wa Babu. Mwisho ikatakiwa picha ya mteja. Jumapili hiyo Babu alikuwa anatoka na suti yake ya kijivu, tai nyekundu na kofia.

"Babu, simama hapo kidogo nikupige picha."

"Ya nini tena?"

"Umependeza, Babu."

Mzee alinyoosha tai, akasimama wima kama askari wa gwaride. Jioni yake, Agnela akawa na timu. Aliiita Migombani FC.

Alicheza likizo nzima, na likizo iliyofuata pia. Halafu, kabla ya Krismasi, Kichuguu likazimika. Ukilifungua unakuta neno moja tu katikati ya kioo: Tutarudi. Januari ikapita, Pasaka ikapita, mvua za masika zikanyesha hadi zikakatika, na neno likabaki lile lile.

"Limekufa hilo," alisema Derick, binamu yake, ambaye kwao na kwa Babu palitenganishwa na uzio wa mimea ya masale tu. "Sahau. Anza kufuga sungura kama mimi."

Agnela hakusahau.

Likizo ya mwezi wa sita ilimkuta Akheri tena. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva, na asubuhi hiyo alikuwa anachuma na Babu, kila mmoja na ndoo yake, wakichagua zilizo nyekundu na kuziacha za kijani. Derick akaja mbio akiruka mitaro ya maji.

"Agnela! Kitu imerudi!"

"Kitu gani?"

"Kichuguu! Nimeona kwenye simu ya mama. Imerudi kabisa, mpaka na rangi mpya!"

Agnela alitua ndoo. "Babu, naomba simu kidogo."

"Kidogo ya kwako naijua," alisema Babu akiitoa mfukoni. "Usinimalizie chaji."

Walikaa chini ya mgomba. Kioo kilijaa maneno ya shukrani: duka linawaomba radhi wateja wake kwa kukatika kwa huduma muda mrefu, linawashukuru waliosubiri, linataka hiki, linaomba kile. Chini kabisa palikuwa na kitufe kilichoandikwa Nakubali. Agnela akakibonyeza.

"Umesoma?" aliuliza Derick.

"Nisome nini? Timu yangu hiyo hapo!"

Na kweli, Migombani FC walikuwepo wote, hakuna aliyepotea, kana kwamba walikuwa wamekaa kwenye benchi miezi yote hiyo wakimngoja. Agnela alicheka hadi Babu akageuka kumtazama. Alipomwona amefurahi hivyo, na yeye akatabasamu, akaendelea kuchuma.

Jumapili ya wiki iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Baada ya ibada watu walitoka nje kwenye mnada, kama ilivyo desturi ya usharika: kila sadaka isiyokuwa fedha hupigiwa bei pale uwanjani, na kinachopatikana huenda kanisani. Palikuwa na mikungu ya ndizi, maparachichi, madumu ya maziwa na jogoo mmoja mwenye hasira. Dalali alikuwa Mzee Aristides, mtu wa maneno mengi.

"Jogoo huyu!" alipaza sauti. "Ana mbio kama winga! Nani anamtaka? Au nimpelekee mshambuliaji wetu, Mzee Kaanaeli?"

Watu wakaangua kicheko. Babu naye akacheka kidogo, kwa adabu, maana hakuelewa.

"Mshambuliaji, nipasie!" kijana mmoja wa kwaya alipiga kelele kutoka nyuma.

"Mwacheni, anaumwa goti," akajibu mwenzake. "Jana kacheza dakika tisini!"

Kicheko kikazidi. Babu alikunja uso. "Jamani, kuna nini?"

Mama Elinipa, kiongozi wa kwaya, alimsogelea akiwa na simu mkononi. "Mzee wangu, hujaona? Imesambaa tangu jana kwenye kundi letu la kwaya. Ona mwenyewe."

Agnela, aliyekuwa amesimama pembeni na Derick, aliiona picha kabla Babu hajavaa miwani. Suti ya kijivu. Tai nyekundu. Kofia. Na juu yake maandishi makubwa ya rangi ya machungwa: HONGERA MZEE KAANAELI, MIAKA 76, MTEJA WETU MWENYE UMRI MKUBWA KULIKO WOTE! ALITUSUBIRI MPAKA TUMERUDI. MSHAMBULIAJI ASIYEZEEKA!

Babu alisoma yote hadi mwisho. Kisha akasoma tena.

"Mimi sijawahi kucheza kitu hiki," alisema.

"Picha ni yako, Baba," mtu mmoja alisema.

"Picha ni yangu. Kucheza sijacheza."

Hapo kicheko kikapungua, na hilo likawa baya zaidi. Wakati wa Pasaka, Mzee Kaanaeli ndiye aliyesimama mbele ya wazazi akasema kwamba michezo ya simu inawala watoto muda wa kusoma. Wengine walikwenda nyumbani wakawanyang'anya watoto wao simu siku ile ile.

"Kumbe alitaka abaki peke yake uwanjani," baba mmoja alinong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika.

Mwinjilisti Gidion, aliyeongoza mtaa ule wa kanisa, alimshika Babu mkono akamvuta kando. "Mzee wangu, wazee wenzako wameniuliza. Njoo Jumatano tukae tulizungumze."

"Nitakuja," alisema Babu. "Na kama neno langu haliaminiki, nitauacha uzee wa kanisa. Siwezi kuwaonya watoto huku watu wananicheka."

"Ila simu yako si aliitengeneza Romanus?" alidakia Mama Elinipa. "Huyo ndiye wa kuulizwa. Simu za watu wote zinapita kwake, na picha zilizomo anaziona."

Agnela aliona jinsi Babu alivyogeuza kichwa kuelekea senta, kilipo kibanda cha Romanus.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Derick alimfinya Agnela mkono. "Sema."

"Nikisema watanifungia timu."

"Na usiposema?"

Agnela aliuchomoa mkono wake, akatangulia mbele.

Nyumbani, Bibi alipakua machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, chakula ambacho Babu hakuwahi kukikataa. Siku hiyo alikigusa tu, akasukuma sahani. Alivua tai akaikunja taratibu, akaivaa kofia tena.

"Unakwenda wapi na jua hili?" aliuliza Bibi.

"Kwa Romanus. Nataka aniambie mbele ya watu nilimkosea nini."

Aliinama kufunga kamba za viatu. Agnela alitazama vidole vyake vikihangaika na kamba. Romanus alikuwa na mke na mtoto mchanga, na kibanda chake kilikuwa hakijatimiza miaka miwili. Babu akimkaripia mbele ya senta, nani atampelekea simu tena? Na Babu mwenyewe, akija kuujua ukweli baadaye, atamtazamaje Romanus?

"Babu, usiende," alisema.

"Kwa nini?"

"Si Romanus. Ni mimi."

Babu aliachia kamba, lakini hakuinua kichwa. Agnela akasema yote: jina, mwaka wa kuzaliwa, picha, timu, na kile kitufe alichokibonyeza bila kusoma. Walipofika nyumbani alikuwa ameyarudia maneno yale kwa siri kwenye simu ya Babu na kuyasoma, akakuta duka lilikuwa limeomba ruhusa ya kutumia jina na picha ya mteja. Yeye ndiye aliyeitoa.

Nje, mbuzi alilia.

"Siku ile uliniambia nimependeza," Babu alisema mwishowe.

Agnela akaanza kulia. Angepigwa angevumilia, lakini maneno hayo hakuyaweza.

"Nyamaza unisikilize," alisema Babu. "Simu yangu uliniomba, nikakupa. Jina langu hukuniomba. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu... ungekataa."

"Ulijua nitakataa, ndiyo maana ukalichukua bila kuuliza. Hapo ndipo penye kosa, mjukuu wangu. Kucheza mpira wa kwenye kioo si dhambi. Na mimi leo nusura niende kumvunjia mtu heshima yake kwa jambo asilolijua. Jumatano utakwenda na mimi, na utakayoyasema utayasema wewe."

Jumatano, Agnela alisimama mbele ya wazee wa kanisa, mikono nyuma. "Shikamooni," alisema, na baada ya kuitikiwa alieleza kila kitu kama alivyomweleza Babu. Alimtaja pia Romanus, kwamba hakuhusika hata kidogo. Mzee Aristides, ambaye kwa kawaida hakuweza kukaa kimya, alitazama kofia yake.

"Jumapili nitatangaza mnadani kabla sijauza hata parachichi moja," alisema. "Mimi ndiye niliyeanza kumcheka."

Mwinjilisti Gidion akamgeukia Agnela. "Umechelewa kusema, lakini umesema mwenyewe. Sasa kuna picha bado inatembea huko. Utaifanyaje?"

Agnela alikuwa ameshalifikiria. "Nitawaandikia wenye duka waiondoe."

"Wakijua umri wako watakufungia."

"Najua."

Usiku kabla ya kulala, je, alicheza mechi moja ya mwisho? Hapana. Babu alimpa simu aiage timu yake, na yeye akaitazama tu orodha ya wachezaji wake kwa muda, akairudisha.

Kesho yake asubuhi walikaa mezani. Agnela alitaka kutuma ujumbe kwa simu, lakini Babu alikataa.

"Jambo la jina la mtu linaandikwa kwenye karatasi, na sahihi chini. Wana sanduku la posta mjini Arusha, nimeliona kwenye tangazo lao. Anza. Anuani yako juu, upande wa kulia. Tarehe. Kisha anuani yao, kushoto. Halafu kichwa cha habari, na ukipigie mstari."

Agnela aliandika: YAH: KUONDOA JINA NA PICHA YA BABU YANGU. Aliandika kwamba mteja wao si mzee wa miaka sabini na sita bali ni mwanafunzi wa miaka kumi na miwili, kwamba jina na picha alivitumia bila ruhusa ya mwenyewe, na kwamba anaomba tangazo liondolewe na akaunti ifungwe. Aliongeza kuwa anafurahi duka lao limerudi, na kwamba atimizapo miaka kumi na minane atajiandikisha upya kwa jina lake. Babu alisoma yote hadi mwisho, akamwonyesha mahali pa kuweka nukta.

"Hiyo timu uliiitaje?" aliuliza.

"Migombani FC."

"Migombani." Babu alitazama nje, penye migomba yake. "Ilikuwa inashinda?"

"Mara nyingi, Babu."

"Basi mshambuliaji wao hakuwa mbaya," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akacheka.

Bahasha aliitoa ndani ya sanduku lake la nguo. Ilikuwa ya siku nyingi na gundi yake ilikuwa imekauka, kwa hiyo Bibi akaleta uji mzito wa asubuhi uliopoa. Agnela aliupaka ukingoni kwa kidole, akakunja, akabana kwa kiganja mpaka ukashika.

Walishuka pamoja hadi Tengeru. Njiani, walipopita kwenye kibanda cha Romanus, Babu alisimama, akamsalimia kwa mkono, akamuulizia mtoto. Posta, Agnela alibandika stempu, akaisoma anuani mara ya mwisho, kisha akaitumbukiza barua kwenye sanduku na kusikiliza mpaka alipoisikia imefika chini.