Juu ya Nini Katungu Alirudi

Joviale aliketi, akaruka kama aliyekalia jiko.

"Eh! Nani alikuwa amekaa hapa?"

Hakuna aliyekuwa amekaa pale. Kile kiti cha mbao cha pembeni kilikuwa kitupu tangu watu watoke misa, na Mama Henriette, mwenye malewa, yaani ule mgahawa mdogo, alipokigusa kwa kiganja aliurudisha mkono upesi. "Ni jua," akasema, ingawa jua lilikuwa halijawahi kufika kwenye pembe ile ya chumba. Akakisukuma kando, akaleta kingine, na sahani za sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zikaendelea kuzunguka.

Akonkwa alicheka kwa pua. Ndivyo alivyocheka siku zote. Kucheka kwa kinywa aliwaachia watu wenye haja ya kupendwa. Alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, karani wa ofisi ya mizigo karibu na mpaka, na nyumbani kwake Mabanga alikuwa na kabati la riwaya za Kifaransa ambalo mke wake hakuruhusiwa kulipangusa. Kila Jumapili alikuja kwa Mama Henriette, ambako wapenda hadithi wachache walikula na kujadili walichosoma. Aliwadharau wote, na hakukosa hata Jumapili moja. Mwenye dharau huhitaji watu wa kuwadharau, na hapo aliwapata kwa bei ya sahani ya samaki.

Siku ile walikuwa wamemaliza kijitabu cha Ézéchiel, kijana wa Ndosho mwenye studio ya picha, ambaye aliandika hadithi na kuzitoa fotokopi. Ilikuwa hadithi ya Katungu, mwanamke wa Kibati aliyeuza makala, yaani mkaa. Mlima wa volkano ulipopasuka, Katungu alitoka na majirani, akafika barabarani salama, akatembea nao mwendo mzuri kuelekea mjini. Kisha akasimama, akageuka, akarudi mbio nyumbani kwake, na moto ukamfunika humo. Hadithi ikaishia hapo. Mwandishi hakusema alirudia nini.

"Kulikuwa mwanaume mule ndani," alisema Joviale, muuza mafuta ya nywele, macho yakiwa yameshalowa. "Mwanamuke harudie mu moto bila mapenzi."

"Mapenzi gani?" Paulin, mfanyabiashara wa maharage kutoka Butembo, alitema mwiba wa samaki. "Alirudia magunia yake ya makala. Ata mimi ningerudi."

"Alikuwa amechoka," alisema Mama Henriette. "Kuna siku mutu anachoka, basi."

Akonkwa aliwangoja wamalize, kama mtu mzima anavyongoja watoto wamalize kugombania mpira wa makaratasi. Akapangusa vidole kimoja kimoja.

"Munajua shida yenu? Joviale anasoma mapenzi yake, Paulin anasoma magunia yake, na Mama Henriette anasoma miguu yake inamuuma. Hakuna anayesoma kitabu. Ézéchiel alishindwa kumupa huyu mwanamuke sababu, njo maana sababu hakuna. Katungu ni mujinga tu. Kichwa ya kuku. Kuku njo anarudia mu moto."

Paulin alicheka bila kutaka. Joviale aliinamisha uso. Akonkwa, aliyeipenda sauti yake mwenyewe kuliko wimbo wowote wa kanisani, akatoa simu, akajirekodi akiyarudia maneno yale yote kwa madaha zaidi, akayatuma kwenye kundi lao la wasomaji ili na wale ambao hawakufika wafaidike.

Hakuwa amemaliza kuvua viatu nyumbani Joviale alipopiga simu. Alinong'ona kama mtu aliye karibu na maiti.

"Papa Akonkwa, nani alikuwa karibu yako ukiongea?"

"Ulikuwepo. Ni ninyi tu."

"Sikiliza tena. Ku mwisho."

Akasikiliza. Sauti yake, kuku wake, kicheko chake cha puani. Halafu, karibu na kinasa sauti kuliko hata yeye mwenyewe, sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyemeza moshi mwingi: *Mujinga wa nini?*

Akaifuta kwenye simu yake. Mchezo wa Joviale, alijiambia. Wanawake wa mafuta ya nywele ndio zao.

Kesho yake, harufu. Mkewe Christa alizunguka nyumba nzima akinusa mapazia, vitambaa, nepi za binti yao Ushindi. "Kuna nguo inaungua," alisema. Hakukuwa na nguo inayoungua. Mchana alimwinua mtoto kutoka sakafuni, akamlaza kitandani, kwa sababu saruji ilikuwa na joto kama ukuta wa tanuri la mikate. Akonkwa alimwambia aache mambo ya kijijini.

Kisha Christa akaanza kugeuka.

Alitoka kwenda sokoni na jirani, wakafika kona, akasimama katikati ya neno, akageuka na kukimbia hadi nyumbani, na jirani aliyemfuata akamkuta amesimama katikati ya chumba cha kulala, mikono imefunguka kama anayetaka kubeba kitu. "Umerudia nini, Mama Ushindi?" Christa akamtazama. "Sijue." Siku iliyofuata aligeukia mlangoni mwa kanisa. Akonkwa alipoambiwa, alicheka kwa pua, lakini mara hii kicheko kilikatika njiani, kwa sababu usiku uliotangulia alikuwa amezigusa nyayo za mkewe kwa bahati mbaya na kuzikuta zimejaa malengelenge, nyayo za mtu ambaye hakuwa amekanyaga moto popote.

Jumamosi waliondoka wote watatu kwenda kumwona shangazi. Christa alikuwa mbele na mtoto mgongoni, Akonkwa nyuma na mwavuli, na barabara kuu ilikuwa imejaa pikipiki na chukudu, zile baiskeli za miti zisizo na pedali, zilizobeba mbao, watu wakipigiana kelele, vumbi jeusi likiruka, na katika kelele ile yote Akonkwa akasikia ukimya ukifunguka mbele yake kama shimo, akamwona mkewe amesimama, akamwona anafungua kitenge bila haraka, anamshusha Ushindi, anamweka chini katikati ya barabara kama mtu anayeweka kikapu, anageuka, na anampita mumewe bila kumwona, uso umetulia, macho yakiakisi moto mwekundu ambao haukuwa popote katika mchana ule, na nyuma yake pikipiki ikapinda, ikalia, ikaanguka hatua mbili kutoka kwa mtoto.

Akonkwa alimwokota binti yake, akakimbia. Akamkuta Christa chumbani, amesimama.

"Mama Ushindi! Ungemuua mutoto!"

Christa akageuza kichwa polepole. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Mujinga wa nini?"

Jioni ile ile, akiwa bado na vumbi magotini, Akonkwa alisimama katika studio ya Ézéchiel, Ndosho. Hakuwahi kufika huko. Kwake mwandishi wa fotokopi alikuwa mtu wa kusemwa, si wa kutembelewa.

"Huyu Katungu wako," alisema, "ulimutoa wapi?"

Ézéchiel akafunga mlango. "Sikumutunga, papa. Alikuwa jirani yetu kule Kibati. Siku ya moto nilikuwa nyuma yake ku barabara. Alisimama, akageuka. Alinipita karibu hivi." Akaonyesha kwa mkono. "Nilimuona ku uso."

"Na hukuandika alirudia nini!"

"Sikujua. Juu ya mutu aliyekufa ningeandika uongo?" Kijana akamtazama. "Nilisikiliza ile audio yako. Mama yangu pia alisikiliza. Alilia sana."

Akonkwa alijifungulia mlango, akatoka.

Mama Cibalonza, mjane ambaye watu wa Mabanga humwita pale padri anapochelewa na dawa zinaposhindwa, alikuja Jumapili mchana, rozari shingoni na dumu la maji ya ziwa mkononi. Alimtazama Christa aliyelala kwenye mkeka, akanusa hewa, akafungua madirisha.

"Majani sichome," alisema. "Huyu ameshashiba moshi. Walete wale wote walimusema."

Wakaja: Joviale, Paulin, Mama Henriette. Waliketi ukutani, wamebanana, hakuna aliyetaka kukaa mwisho. Mama Cibalonza akachovya kiganja, akamnyunyizia Christa maji, na maji yakapanda juu kama mvuke wa sufuria.

"Unatoka wapi?"

"Kibati."

"Huyu mama alikukosea nini?"

"Yeye hapana. Nilikuja ku bwana yake." Midomo ya Christa haikusogea sawasawa na maneno. "Mule ndani yake nilikosa nafasi. Amejijaza yeye mwenyewe."

Paulin alifanya ishara ya msalaba. Mama Cibalonza akauliza anachotaka.

"Waseme nilirudia nini."

Joviale alipiga magoti. "Dada yangu, nilisema mwanaume. Nilijisemea tu. Mi sijue." Joto likampita, na nywele zake zikatikisika kama aliyepitwa na lori. "Mi pia sijue, mama," alinong'ona Paulin. "Ata mimi," alisema Mama Henriette. "Pumzika, mutoto wangu."

Macho ya Christa yakamgeukia mumewe, yakatulia hapo.

"Na weye, muzee wa vitabu?"

Neno lilikuwa jepesi, wenzake wameshalitamka, hata muuza maharage amelitamka. Lakini Akonkwa alikohoa, akanyoosha kola.

"Ulirudia mama yako," alisema. "Alikuwa mugonjwa, hakuweza kutembea."

Saruji ikalia tiki, kama sufuria inayoanza kupata moto.

"Basi ni mutoto. Kulikuwa mutoto mule ndani."

Mkeka ukaanza kubadilika rangi chini ya mabega ya Christa. "Papa Akonkwa, wacha," alisema Mama Cibalonza kwa sauti ya chini. Lakini alikuwa ameshaanza, na hofu ilimfanya aseme zaidi, maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka, kwamba pengine Katungu ni alama, kwamba nyumba ile ni nchi na moto ni historia, kwamba watu wetu hurudi daima mahali panapowaua na huo ndio undani wa hadithi ambao hata mwandishi mwenyewe hakuuona, na alipokuwa akisema hivyo, jasho likimtiririka, moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka kwenye ncha za mkeka, Ushindi alikuwa akipiga yowe chumba cha pili, na kutoka kinywani mwa mkewe kicheko kikaanza, kicheko cha puani, cha Akonkwa mwenyewe, kile cha kila Jumapili, bila kasoro hata moja.

Hapo ndipo alipojisikia kama wengine walivyomsikia miaka yote.

Akaanguka kwa magoti. "Sijue."

"Sema tena."

"Sijue! Sikujua. Sikujua kitu."

"Basi nyamaza," alisema Katungu.

Upepo ukaingia dirishani, harufu ikatoka nao. Christa akakohoa, akaomba maji kwa sauti yake. Mama Henriette alimshika kichwa, Joviale akamnywesha, na hakuna hata mmoja aliyemtazama mwenye nyumba pale chini alipokuwa.

Nyayo za Christa zilipona. Akarudi kuimba akifua. Akonkwa hakwenda tena kwenye malewa. Alisema ana kazi. Lakini swali lilimla. Alilala nalo, akaamka nalo, akakosea mizigo ya watu ofisini kwa ajili yake. Mwishowe, asubuhi moja Christa akichambua mchele, alisimama mlangoni.

"Mama Ushindi. Alipokuwa ndani yako... ulijua alirudia nini?"

"Nilijua."

"Na sasa?"

"Najua."

"Niambie."

Christa alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa nje. "Hapana, Papa Ushindi."

"Juu ya nini?"

"Utaelezea watu."

Hakumwambia siku ile, wala baadaye, ingawa alimbembeleza, akamkasirikia, akamnunulia kitenge. Hadi siku moja aliporudi mapema kutoka kazini, akamsikia nyuma ya nyumba akimwogesha mtoto. Alikuwa akisimulia. Sauti ilikuwa ya chini, ya taratibu, na Akonkwa alisikia jina la Katungu, akasikia "alipofika ku barabara, akakumbuka," akavua viatu, akanyata, akauweka uso kwenye pembe ya ukuta.

Christa akanyamaza. Yeye na yule mtoto asiyejua bado kusema hata "papa" waligeuka pamoja, wakamtazama kwa macho ya namna moja, wakangoja aondoke.