Chupa Iliyokaa Juu ya Cherehani

"Vuta, mama watoto!"

"Nimevuta!"

"Vuta zaidi!"

"Nikivuta zaidi nitakuja na wewe!"

Hivyo ndivyo karakana ya makochi ilivyoamka kila asubuhi. Fundi alishika kitambaa upande huu, mkewe akashika upande ule. Kikishakaza kama ngozi ya ngoma, Fundi alikipigilia misumari kwenye fremu. Mkewe alikuwa na cherehani yake pale mlangoni, akishona foronya za mito. Wateja walimwita Mama Foronya, na jina likamkaa. Watoto wao walishakua na kuhama. Walibaki wao wawili, kazi yao na utani wao.

Lakini tangu Fundi atoke hospitali, utani ulipungua. Alikwenda kwa sababu ya shida ya mkojo na maumivu ya mgongo. Aliporudi alisema maneno machache tu: "Wamenipasua tezi. Yameisha." Kidonda alikwenda kukisafishia zahanati. Akaanza kuoga mlango umefungwa kwa komeo. Kitandani akawa analala ameelekea ukutani.

Mwili nao ukaanza vituko. Fundi amekaa kivulini, hana hili wala lile, ghafla uso unamuwaka. Jasho linamtiririka mpaka shingoni. Kidogo tu, limekata, na mtu anahisi baridi.

"Hiyo malaria," alisema Mama Foronya. Hakumpeleka kupima. Alinunua vidonge dukani, akasimama mbele yake mpaka akavimeza. Jasho likarudi vile vile.

Tumbo likamtoka. Mikono ikapungua nguvu. Vitambaa alivyokaza vikawa vinalegea mapema. Mteja mmoja akarudisha kochi lake.

"Fundi, hili kochi au shimo? Nikikaa linanimeza!"

Zamani Fundi angemjibu kwa mzaha. Siku ile alikwenda nyuma ya magodoro, akalia. Mama Foronya alimwona. Akajifanya anatafuta uzi.

"Ana mwanamke huyu," alijisemea. Halafu akajijibu mwenyewe: "Mwenye mwanamke mpya halii nyuma ya magodoro. Kuna jambo, na litaniondolea mume wangu."

Wifi yake alipowatembelea, hakuchelewa kuliona hilo.

"Wifi, kaka yangu mmemfanya nini? Anajipepea kama bibi harusi!"

"Amechoka tu, wifi."

"Na huko chumbani je?"

Mama Foronya aliinamia cherehani. "Huko usiulize."

"Basi nimeshaelewa!" Kesho yake wifi akaleta chupa ya maji meusi. "Dawa ya nguvu za kiume hiyo. Vijiko viwili kwenye chai. Na usimwambie. Wanaume ukiwaambia wananuna."

Mama Foronya aliinusa, akakunja pua. Aliogopa kuitumia. Lakini kumpoteza mumewe aliogopa zaidi. Akamtilia kwenye chai siku ile, na siku iliyofuata pia.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa nesi wa kliniki. Alikuja kuchukua kiti chake kilichobadilishwa kitambaa. Akaiona ile chupa juu ya cherehani.

"Mama, hii anapewa nani?"

"Baba watoto. Tangu apasuliwe tezi, hana nguvu."

Nesi aliketi kwenye kiti kabla hakijafutwa vumbi. "Tezi dume? Walisema ilikuwa na nini?"

"Mimi sijui. Alisema yameisha."

Nyuma yao nyundo ilinyamaza. Fundi alisimama pale na misumari miwili mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja.

"Nesi, kuna nini ndani ya chupa hiyo?"

"Sijui, Fundi. Haina hata maandishi. Nyingine huchanganywa na homoni ya kiume."

Fundi akamgeukia mkewe. "Nimeinywa?"

"Kwenye chai," alisema Mama Foronya kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana ilikuwa chungu. Nilidhani umenuna, hukutia sukari." Lakini hakucheka. Alikaa juu ya fremu tupu, mikono kati ya magoti. "Mama watoto, ilikuwa saratani. Saratani ya tezi dume. Daktari alisema homoni ya kiume ndiyo inayoilisha, na homoni hiyo nyingi inatoka kwenye korodani. Nikakubali zitolewe. Zote mbili." Akaiweka misumari sakafuni. "Sasa mimi ni maksai. Ningekwambiaje?"

Mama Foronya alijishika mdomo. "Kwa hiyo nilikuwa nailisha saratani kwa kijiko!" Machozi yakamtoka. Mara hasira nazo zikaja. "Kwa nini hukuniambia? Nimekumezesha vidonge vya malaria bure! Nimekutilia maji nisiyoyajua!"

"Niliogopa utanicheka."

"Miaka yote hii nakucheka mbele ya macho yako. Lini nilikucheka nyuma ya mgongo?"

Nesi aliisogeza ile chupa pembeni. "Mama, vijiko vichache si mwisho wa dunia. Ila kesho mwende kliniki pamoja, na chupa mkononi. Daktari ataamua kama atapima damu. Na wewe Fundi, waliponifundisha kazi, waliniambia wanaume wengi hulia baada ya upasuaji huu. Homoni ikishuka, hata moyo hushuka. Huzuni, hasira za haraka, kusahausahau. Ikizidi, useme. Inatibika."

"Na hili joto?" aliuliza Fundi.

"Ni lile lile la wanawake hedhi inapokoma."

Mama Foronya aliinua kichwa. "Kumbe! Mimi lilinishika joto hilo, na wewe ukaniambia nimemeza jiko!"

"Lakini nilikupepea kwa boksi," alijitetea Fundi.

"Ulipepea, huku unacheka."

Na Fundi akacheka. Mama Foronya hakuwa amesikia kicheko hicho tangu hospitali. Akajifuta uso kwa foronya mpya, akaiharibu.

Maswali yakafunguka. Tumbo? Mafuta huongezeka na misuli hupungua, alisema nesi, kwa hiyo atembee na anyanyue vitu kidogo kidogo. Mifupa? Hukonda na kuvunjika kwa urahisi, kwa hiyo ale vyakula vya kuijenga, kama maziwa, mboga za majani na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, na aache sigara. Kifua kinaweza kuvimba na kuuma, asione aibu kusema.

"Na sauti? Itakuwa nyembamba?" aliuliza Mama Foronya.

"Hapana. Ya mtu mzima haibadiliki."

"Na kukoroma je?"

"Kukoroma hakukukatwa, mama. Pole."

Kisha nesi akashusha sauti. "Hamu ya chumbani hupungua sana, mara nyingi huisha. Si kosa la mtu. Wapo wanaosaidiwa kliniki, basi muulize wote wawili. Lakini kukumbatiana hakukubaki hospitali."

"Umesikia, baba watoto? Usilale tena umeelekea ukutani," alisema Mama Foronya.

Walikwenda kliniki. Daktari alisikiliza yote, akaichukua ile chupa, akapima damu. Majibu yalipotoka, saratani ilikuwa bado imetulia. "Mngeendelea na dawa hiyo, nisingewaahidi lolote," alisema. Mama Foronya alimshika mumewe mkono pale pale mbele ya daktari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

Fundi mwenyewe ndiye aliyemweleza dada yake. Wifi alilia, kisha akaomba radhi. "Ungeniambia, kaka. Nilidhani nakusaidia."

"Hata mimi nilidhani kunyamaza ni kusaidia," alisema Fundi.

Sasa jioni wao wawili hutembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Asubuhi Fundi hunyanyua magodoro, kwanza madogo, sasa hata makubwa. Joto bado humjia. Hamu haikurudi. Siku nyingine huamka na huzuni, na siku hizo humwambia mkewe mapema, kabla chai haijaiva. Komeo la bafuni limeota kutu.

Lile kochi lililomeza mteja wakalifungua upya.

"Vuta, mama watoto!"

"Nimevuta!"

"Subiri! Joto limenishika."

Mama Foronya aliachia kitambaa, akaokota kipande cha boksi, akampepea. Alicheka, lakini alipepea.

"Ulimeza jiko, baba watoto?"

"Nimelimeza na mkaa wake. Haya, limepita. Shika upande wako."

Wakavuta. Kitambaa kikakaza. Mama Foronya akakipiga kwa kiganja, kikalia kama ngoma.