Sista, Soma Kadi

Kila Jumamosi, kabla jua halijaanza kuuma, Sekela huwa ameshafagia uani, ameshaanika sare zake za darasa la sita, na ameshamnywesha uji mdogo wake Asifiwe. Ndivyo walivyopatana na mama yao, Felicitas, anayeuza mashuka na mapazia sokoni Mbagala. Baba yao ni dereva wa lori, na wiki hiyo alikuwa njiani kwenda Tunduma. Kwa hiyo nyumbani kwao Chamazi walibaki watoto wawili na mama mwenye nyumba, Mama Kondo, ambaye mlango wake unatazamana na wao.

Jumamosi hii Asifiwe aligoma kunywa uji. Mtoto wa miaka mitano ambaye siku zote hulamba mpaka kijiko alikuwa amejikunja mkekani, meno yanagongana.

"Sekela, baridi," alisema.

Nje bati lilikuwa linalia kwa joto. Sekela alimgusa shingoni, akautoa mkono upesi kama aliyegusa sufuria. Hakungoja. Alichukua kadi ya kliniki kutoka kwenye mkoba ulioning'inia nyuma ya mlango, akatoka mbio.

"Mama Kondo, shikamoo. Asifiwe anaumwa, anachemka mwili mzima. Naomba simu nimpigie mama, tumpeleke zahanati."

"Marahaba, mwanangu. Zahanati ya Jumamosi hii, foleni mpaka barabarani? Mtoto si atafia kwenye benchi!" Mama Kondo alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini. "Tulia. Sista Mwana yuko hapo nyuma tu, kwa muuza vitumbua. Wiki iliyopita kanichoma sindano mie, kiuno kimenyamaza kimya. Namwita sasa hivi."

Hakuna asiyemjua Sista Mwana mtaa ule. Alihamia mwaka juzi, na kama mwanamke yeyote mgeni hapa Dar es Salaam, makondakta na madereva wa bodaboda walimwita "sista". Sista, unaenda? Sista, karibu. Lilikuwa neno la barabarani tu, la kumwita mtu usiyemjua jina. Lakini manesi nao huitwa sista. Siku moja mama mmoja mwenye mtoto anayekohoa alimsikia akiitwa hivyo, akamuuliza, "Kumbe wewe ni sista?" Na yeye akajibu, "Ndiyo." Mwezi uliofuata alinunua gauni jeupe la mtumba. Baadaye akabandika saa ndogo kifuani. Gauni likathibitisha neno, neno likathibitisha gauni, na mtaa mzima ukaanza kupanga foleni mlangoni kwake.

Haikuchukua muda Sista Mwana akaingia na gauni lake na mkoba mweusi, akinukia manukato. Sekela alimtazama mikono. Hakunawa. Hakumpima mtoto joto, hakuuliza ameanza kuumwa lini wala amekula nini. Alimbonyeza tumbo mara moja, akatikisa kichwa.

"Homa imeshaingia ndani hii. Sindano moja ya nguvu, kesho anacheza mpira."

Mama Kondo alikuwa ameshabonyeza simu. "Felicitas? Mwanao mdogo kaamka na homa. Ee. Usihangaike, sista yuko hapa, ndiyo anataka kumhudumia. Haya, haya." Alikata, akageuka kwa furaha. "Mama yenu kashukuru sana. Kasema sista aendelee."

Sekela alishangaa. Mama yake, ambaye hata dawa ya kikohozi huisoma mara mbili kabla ya kufungua kifuniko? Kasema sista aendelee?

Sista Mwana akafungua mkoba.

"Sista, shikamoo," Sekela alisema, akasimama kati ya mkeka na mkoba. "Naomba usome kadi yake kwanza."

"Kadi ya nini?"

"Ya Asifiwe. Kila anayemtibu anaisoma."

Mwanamke yule aliguna, akaipokea. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na maneno mawili ya wino mwekundu, yamepigiwa mstari. Aliyasoma kwa sauti, vizuri kabisa, kama mwanafunzi aliyejua jibu:

"Mzio: penisilini." Uso wake ukang'aa. "Enhe! Si hili hapa? Mtoto ana mzio, na dawa ya mzio wamekuandikieni wenyewe: penisilini. Bahati yenu, ninayo." Akainua kichupa cha unga mweupe, akampa Mama Kondo akishike huku akitafuta bomba la sindano.

Sekela aliijua dawa hiyo.

Alikuwa na miaka kumi siku ile, lakini hakuisahau. Asifiwe alipewa dawa hiyo hiyo zahanati, na kabla hawajainuka kwenye benchi midomo yake ilikuwa imevimba kama andazi, pumzi inakwama kooni na kupiga mluzi. Nesi Samina ndiye aliyemnyakua, akamkimbiza ndani, akamrudisha akiwa hai. Kisha alichukua kalamu nyekundu. Hakuandika kwa Kiingereza. "Naandika kwa Kiswahili," alimwambia mama, "ili kila mtu nyumbani kwenu aelewe, hata huyu Sekela."

Na Sekela alielewa.

"Mzio si ugonjwa wa kutibiwa na hiyo dawa," alisema. "Mzio maana yake mwili wake unaikataa. Hapo wameandika asipewe kamwe. Umesoma wanachokataza, ukadhani wanakuagiza."

"We mtoto!" Sista Mwana alicheka, ila macho hayakucheka. "Unanifundisha mie kazi?"

"Kama ni kazi yako, leseni yako iko wapi?"

"Sekela! Adabu!" Mama Kondo alipiga kelele. "Mtu mzima huyo!"

"Mama Kondo, adabu ninayo. Nimewaamkia wote wawili. Lakini sindano hiyo haiingii."

"Mshike huyo msichana," Sista Mwana akasema. "Mama yake ameshatoa ruhusa. Mtoto akizidiwa, mimi simo."

Sekela aliinama, akamwinua Asifiwe na kumweka mgongoni, akamfunga kwa kitenge cha mama yao. Mtoto alikuwa mzito na moto kama jiko. Sekela akarudi nyuma mpaka mgongo wa mdogo wake ulipogusa kona ya ukuta, pale ambapo hakuna mkono ambao ungempita yeye.

"Basi nichome mie kwanza."

Nje kuku alikuwa akiparua mchele wa Mama Kondo kwenye ungo, na Mama Kondo hata hakumfukuza.

Ndipo Sekela akakumbuka yale mazungumzo ya simu, na neno moja likamchoma masikioni.

"Mama Kondo, nakuomba kitu kimoja tu. Mpigie mama tena. Usiseme 'sista'. Sema jina."

"Kuna tofauti gani?"

"Sema jina tu. Nikikosea, nitapiga magoti niombe radhi."

Mama Kondo alikitazama kichupa mkononi mwake. Alimtazama Sekela. Kisha akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Felicitas, ni mie. Nasema hivi, huyu sista anayetaka kumchoma Asifiwe ni Mwanakombo, Sista Mwana wa hapa nyuma..."

"Mwanakombo gani?" Sauti ya mama ilijaza chumba kizima. "Si umeniambia sista? Mie nilijua Sista Samina wa zahanati! Mwanangu asiguswe! Mnanisikia? Asiguswe! Nakuja!"

Sista Mwana alifunga mkoba kwa kishindo. "Sina muda wa kubishana na watoto," alisema, akatoka akiburuza kandambili. Kwa haraka yake alisahau kitu kimoja: kichupa kilibaki kwenye kiganja cha Mama Kondo.

Mama Kondo alisimamisha bajaji, akapanda nao.

Foleni ya zahanati ilikuwa ndefu kweli. Lakini muuguzi wa mlangoni alipomwona mtoto anavyotetemeka, aliwapitisha mbele. Nesi Samina alinawa mikono. Alimpima Asifiwe joto, akasoma kadi, akauliza maswali sita au saba, kisha akamtoboa kidole na kuweka tone la damu kwenye kipimo.

"Malaria," alisema walipokwisha kungoja. "Siku tatu za dawa ya mseto, Asifiwe. Vidonge. Hakuhitaji sindano hata moja."

Mama yao alikuwa ameshafika, jasho linamtiririka, shuka moja la biashara bado liko begani. Alikuwa akishukuru Mungu kwa Kinyakyusa na Kiswahili kwa pamoja Sekela alipopiga hatua mbele.

"Sista Samina, shikamoo. Naomba kuona leseni yako."

"Sekela!" Mama alishtuka. "Huyu si ndiye aliyemwokoa mdogo wako?"

"Ndiyo, mama. Lakini hata yeye sijawahi kumuuliza."

Nesi Samina akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Alifungua droo, akatoa leseni yake yenye jina, picha na namba, akampa aisome yote. Sekela alisoma yote.

"Mwaka wa tisa niko hapa," Nesi Samina alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Na sijaona ubaya. Aliyesomea kazi hii haogopi swali. Ukiona mtu anakasirika kuulizwa, hapo ndipo uulize tena."

Mama Kondo alikohoa. Alikuwa amekaa kwa kuegemea upande mmoja tangu walipofika. "Samina, mwanangu," alisema polepole, "ile sindano ya kiuno... mahali alipochoma pana uvimbe. Nimeona haya kusema."

Lilikuwa jipu, kubwa kama ndimu. Nesi Samina alilipasua na kulisafisha siku hiyo hiyo, na Mama Kondo aliuma kanga asipige kelele.

Kutoka pale walikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Jabiri, na kichupa kikiwa ushahidi mezani. Jumatatu bwana afya na polisi walikwenda kwa Mwanakombo. Walikuta sindano zilizotumika zimetiwa kwenye kopo la maziwa, zikingoja kutumika tena. Leseni hakuwa nayo, wakaondoka naye. Hakuwa amesomea uuguzi hata siku moja. Zamani alifanya usafi kwenye zahanati moja huko Ukonga, akawa anatazama wanavyochoma.

Si wote waliofurahi. Kisimani, mama mmoja alimwambia Sekela mbele za watu, "Haya, umetuondolea mganga wetu. Sasa ukiumwa usitulilie."

"Nikiumwa nitakwenda kwa aliyesoma," Sekela alijibu, akajitwika ndoo yake, akaondoka bila kuharakisha.

Jioni alimweleza mama yake, na kwa mara ya kwanza machozi yalimlengalenga. "Mama, wanasema sina heshima. Na Mwanakombo alikuwa anafanya usafi tu, labda alikuwa maskini."

Mama alikuwa akimpa Asifiwe vidonge vya mwisho. Alimaliza kwanza.

"Nisikilize. Kufagia zahanati ni kazi ya heshima, na angebaki na ufagio wake ningemwamkia kila siku. Kosa lake ni kuvaa kazi ya mwenzake bila kuisomea, kisha kuifanyia kwenye miili ya watoto wetu. Na kosa letu sisi wakubwa ni kuona gauni jeupe tukanyamaza. Heshima ni kumwamkia mtu, si kumfumbia macho. Umesema shikamoo, ukauliza. Hivyo hivyo uendelee mpaka uzeeke."

Asifiwe alimeza vidonge, akakunja uso, akadai uji.

Jumamosi iliyofuata, Sekela akiwa anaanika sare, kijana mmoja aliyevaa kizibao cha njano alibisha hodi, karatasi mkononi.

"Habari za hapa. Mimi wa maji, nimekuja kukagua mita. Nifungulieni."

Mama Kondo, ambaye bado alikuwa anakaa upande mmoja, alisimama taratibu, akajikaza kanga kiunoni, akaenda mpaka getini. Hakugusa komeo.

"Karibu, mwanangu. Kitambulisho kwanza."

"Ah, mama, mie braza tu wa hapa hapa..."

"Braza ni neno la barabarani," alisema Mama Kondo. "Hapa tunataka jina."